Ritani ya KRA: ufaili kwa simu, kwa iTax au kwa saiba?

Kijana wa Kenya huipata PIN ya KRA, namba yake ya ushuru kwenye Mamlaka ya Mapato ya Kenya, kabla hajaonja mshahara. Akishapata kitambulisho tu, mkopo wa elimu ya juu wa HELB unaitaka, benki inaitaka, na mwajiri wa kibarua cha kwanza anaitaka hata kabla ya kumwonyesha choo kilipo. Anaichukua mtandaoni kwa dakika chache, anaichapisha, anaitia kwenye bahasha ya vyeti na kuisahau. Asichoambiwa ni kwamba siku hiyo hiyo amebebeshwa jukumu: kila mwaka, kufikia tarehe 30 Juni, awasilishe (yaani afaili) ritani, ile taarifa ya mapato ya mwaka uliotangulia, awe na kazi au asiwe nayo. Akikosa, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, iliyo kubwa kati ya hizo.

Hapo mitazamo hugawanyika. Kuna wanaosema, "Mimi sina kazi, nifaili nini?" Kuna ambao tangu Juni 2024, vijana walipoingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha mpaka Rais Ruto akakataa kuutia sahihi, hawataki hata kusikia jina la KRA. Na kuna kundi ambalo nadhani ndilo kubwa zaidi: hawana ugomvi wowote na mtandao. Wanatuma pesa kwa simu, wanakopa kwa simu, wanabeti kwa simu. Lakini wakifika kwenye iTax, tovuti ya KRA ya kufailia, mikono inalegea, wanaona afadhali wampe jamaa wa saiba, duka la kompyuta na mtandao, mia mbili amalize yaishe.

Makala haya ni ya hilo kundi la tatu, ingawa wengine nao wanakaribishwa. Njia ni tatu hasa: simu, iTax na saiba. Huduma Centre, vile vituo vya huduma za serikali, na wahasibu nitawapitia mbio mbio.

Kwanza jijue wewe ni nani

Kosa la vijana wengi ni kuchagua njia kabla ya kujua wanachofaili. Wanauliza "ipi ni rahisi?" na jibu la swali hilo daima ni ritani ya sifuri kwa simu. Ni rahisi kweli. Tatizo ni kwamba ritani ya sifuri ni ya mtu asiye na mapato kabisa: mwanafunzi anayetumiwa pesa na mzazi, aliyemaliza chuo na bado anatafuta, aliyekaa nyumbani mwaka mzima. Ukiwa na payslip, hata ya miezi miwili, wewe si wa sifuri. Ukiwa unauza mitumba Instagram, unaandika makala za wateja wa ng'ambo au unapiga picha za harusi, wewe pia si wa sifuri.

"Lakini mwajiri ameshanikata PAYE, si basi?" Si basi. Mwajiri hupeleka ritani yake ya PAYE, ule ushuru anaoukata kwenye mshahara, kila mwezi kufikia tarehe 9, na PIN yako imo ndani. Ukifaili sifuri, mfumo mmoja unakuwa na taarifa mbili zinazopingana kuhusu mtu mmoja, na wa kuulizwa ni wewe. Watu wengi wamefaili sifuri miaka mitatu mfululizo wakiwa kazini, si kwa ujanja, ila kwa sababu aliyewafailia hakuuliza.

Simu: *572#, programu ya M-Service na WhatsApp

Kwa mtu wa sifuri, hakuna haja ya kuzunguka. *572# inafanya kazi hata kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, bila bando. Programu ya KRA M-Service inafanya hilo hilo kwa sura nzuri zaidi, na unaweza pia kuombea humo cheti cha kutii sheria za ushuru. Kisha kuna Shuru, huduma ya KRA iliyo ndani ya WhatsApp, ambayo inajibu maswali na kumaliza mambo mepesi, ritani ya sifuri ikiwemo. Hapo tahadhari moja: ichukue namba kwenye tovuti ya KRA yenyewe, usiichukue kwenye ujumbe uliosambazwa kwenye grupu la chama. Matapeli wanajua kalenda ya Juni kuliko wewe.

Sifa ya njia hii ni kwamba hakuna mtu wa kati. Simu ni yako, namba ni yako, risiti inakuja kwako. Kijana wa miaka 19 anayefanya hivi mwenyewe mara moja hataogopa tena.

Udhaifu wake ni huo huo wepesi. Simu haina nafasi ya kukuuliza "una uhakika huna mapato?" kwa namna ya kukufanya ufikiri. Unabonyeza, unabonyeza, umemaliza. Nimeona watu wenye kazi nzuri kabisa wakifaili sifuri kwa simu wakiwa kwenye matatu, wakaweka skrinshoti kwenye status kana kwamba wamefanya jambo la maana. Kama una P9 kutoka kwa mwajiri, funga hiyo menyu uende kwenye iTax.

iTax: inachosha, lakini inakufunza

Sitaisifu iTax kwa urembo. Menyu zake ni za Kiingereza cha kiofisi, kurasa zake hazikutengenezwa kwa ajili ya simu, na kabla ya kuingia inakupa hesabu ya darasa la tatu ili kuhakikisha wewe ni binadamu. Wiki ya mwisho wa Juni hulemewa, ukurasa unazunguka mpaka unaamua kwenda kulala. Hata hivyo, kwa mwajiriwa, hii ndiyo njia ninayoichagua bila kusita.

Unahitaji P9, ile karatasi ambayo mwajiri hukupa mapema mwaka unaofuata, yenye mistari kumi na miwili ya mshahara na makato, mmoja kwa kila mwezi. Kwa mwajiriwa asiye na mapato mengine kuna fomu maalumu inayojazwa papo hapo kwenye kivinjari, na sehemu yake kubwa huja ikiwa imeshajazwa kutokana na alichowasilisha mwajiri. Kazi yako ni kulinganisha.

Tuchukue mshahara wa shilingi 30,000 kwa mwezi, kwa viwango vya 2025. NSSF (akiba ya uzeeni) inaondoka na 1,800, SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75 ambayo ni 825, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ambao ni 450. Zinabaki 26,925 za kutozwa ushuru. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, yaani 2,400. Zilizobaki 2,925 zinatozwa asilimia 25, yaani 731.25. Jumla 3,131.25. Toa nafuu ya kila mlipaushuru, 2,400 kwa mwezi, unabaki na PAYE ya 731.25. Kwa mwaka ni 8,775. Sasa angalia P9 yako: kama mwajiri anakukata zaidi ya hapo, umegundua jambo ambalo jamaa wa saiba asingekuambia kamwe.

Mahali pawili huwatoa watu jasho. Kwanza, kusahau kujaza ile nafuu ya mwaka, 28,800. Ukiiacha, mfumo unakuonyesha deni la ghafla na moyo unapasuka. Rudi nyuma, jaza, deni linapotea. Pili, walio na kazi mbili kwa wakati mmoja, tuseme mwalimu wa shule ya kibinafsi ambaye jioni ni msimamizi wa duka. Waajiri wote wawili wamempa nafuu ya 2,400, ilhali anastahili moja. Huyo deni lake ni la kweli, na ni heri alione Februari kuliko usiku wa tarehe 30 Juni.

Kwa hasla na wenye biashara, mambo hugeuka. Hapo unapakua faili la Excel, unaruhusu makro (programu ndogo zilizo ndani yake), unajaza kurasa moja baada ya nyingine, unabonyeza kitufe cha kuhakiki, linakurudishia orodha ya makosa, unarekebisha, na mwishowe linajifunga lenyewe kuwa faili la zipu ambalo ndilo unalopakia kwenye tovuti. Kwa simu haiwezekani. Ukisahau kuruhusu makro, utabonyeza kitufe mpaka kidole kife ganzi na hakuna kitakachotokea, wala hakuna ujumbe wa kukuambia kwa nini. Huu ndio ukuta unaowarudisha vijana wenye bidii kwenye ritani ya sifuri, na lawama hapa siwapi vijana.

Lakini sikiliza kabla hujakata tamaa. Hasla wengi wanakimbia fomu hii kwa kuogopa ushuru ambao hawadaiwi. Faida yako ya mwaka mzima ikiwa shilingi 288,000 au chini yake, asilimia 10 yake haizidi 28,800, na nafuu yako ni 28,800. Ushuru wako ni sifuri, ila ritani yako si ya sifuri. Umetangaza mapato yako, una rekodi halali, na hudaiwi chochote. Mtu anayefaili hivi miaka mitatu ana cha kuonyesha benki siku akitaka mkopo. Aliyefaili sifuri ana karatasi inayosema hakuwahi kupata hata senti.

Sharti ni kuwa na ushahidi wa gharama. Tangu 1 Januari 2024 gharama za biashara zinahitaji ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ndipo zikubalike, na ndiyo maana mwenye duka la jumla anakuuliza PIN. Wewe nawe unaweza kutoa ankara zako kwa *222#. Mauzo yakivuka milioni moja kwa mwaka lakini hayajafika milioni 25, unaingia kwenye ushuru wa mauzo wa asilimia 3, unaofailiwa na kulipwa kila mwezi kufikia tarehe 20, na hapo hesabu ya gharama haipo: ni asilimia 3 ya mauzo, upate faida au ukose.

Wanaotengeneza maudhui na wanaofanya kazi za kandarasi wana sababu nyingine ya kuipenda iTax. Kampuni ya humu nchini ikikulipa, mara nyingi hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa jina lako. Hizo ni pesa zako, zinahesabiwa kama ushuru uliokwisha kulipa. Ukifaili sifuri kwa simu, umezisamehe.

Saiba

Nisiseme uongo: saiba imewasaidia Wakenya wengi kuliko matangazo yote ya redio. Jamaa wa saiba hachoki, hakucheki, na lile faili la Excel analijua kuliko mwenye digrii ya biashara. Mtaani bei ni mia moja, mia mbili, ikipanda kidogo Juni. Kwa mtu asiye na laptopu na mwenye mapato ya biashara, huenda ndiyo njia pekee inayowezekana.

Shida si ujuzi wake. Kwenye saiba moja niliyokuwa nikichapisha kazi zangu, kando ya kibodi kulikuwa na daftari la jalada gumu, kurasa zake zimechakaa pembeni. Ndani, kwa kalamu ya bluu: jina, PIN, neno la siri, jina, PIN, neno la siri, kurasa kwa kurasa. Maneno mengi ya siri yalikuwa yale yale, kwa sababu aliyeyatunga alikuwa mmoja. Wateja waliingia, wakataja jina, akapekua, akafaili sifuri, akachapisha risiti, "mwingine". Hakuna aliyeulizwa kama ana kazi. Hakuna aliyekasirika pia, maana wote walikuwa wamekuja kununua kasi na waliipata.

Na kuna hili la barua pepe. Ukitengenezewa PIN kwenye saiba huku huna barua pepe, au huikumbuki, jamaa anaweka yake. Miaka minne baadaye umehamia mji mwingine, umesahau neno la siri, unaomba jipya, na iTax inalituma kwenye barua pepe ya mtu ambaye hata jina lake hulijui. Hapo itabidi ufike ofisi ya KRA au Huduma Centre ukiwa na kitambulisho chako halisi.

Ukienda saiba, basi nenda kwa masharti yako. Kaa kando yake, usiachie PIN uende kununua chapati. Andika neno la siri mwenyewe, kwa mikono yako. Mwambie kwa kinywa chako kama una P9 au biashara, hata asipouliza. Risiti itumwe kwenye barua pepe yako, si karatasi tu. Na ukifika nyumbani, badilisha neno la siri kwa simu yako. Saiba nzuri hazichukizwi na haya.

Huduma Centre na mhasibu

Huduma Centre ni bure, zipo katika kaunti zote, na meza ya KRA ina mtu anayejua kurekebisha yaliyoharibika. Foleni ndiyo malipo. Nenda Machi. Mhasibu au wakala mwenye leseni ya KRA ana maana ukiwa na kampuni, wafanyakazi au kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Kwa mwenye P9 moja ni kama kukodi lori kubeba mkoba.

Kwa ufupi, ubavu kwa ubavu

| | Simu | iTax mwenyewe | Saiba |
|---|---|---|---|
| Huna mapato | Chagua hii | Sawa, ila si lazima | Unapoteza mia mbili |
| Una P9 moja | Usitumie sifuri | Chagua hii | Ikibidi, ukae kando |
| Biashara, kandarasi, maudhui | Haitoshi kwa ritani ya mwaka | Ndiyo, kwa kompyuta | Ndiyo, kama huna kompyuta |
| Gharama | Karibu bure | Bando na muda wako | Mia moja kwenda juu |
| Nani mwingine anajua siri zako | Hakuna | Hakuna | Jamaa na daftari lake |

"Sitaki KRA ijue mambo yangu"

Hoja hii naisikia sana, hasa kwa wale wa Juni 2024, na siidharau. Mswada wa Fedha wa 2025 ulikuja na pendekezo la kuondoa kinga iliyokuwa ikiizuia KRA kudai data za kibinafsi za wateja kutoka kwa wafanyabiashara. Makelele yakapigwa, na kamati ya fedha ya Bunge ikalikataa. Kwa hiyo anayehofu hajaota tu.

Ila hofu hiyo haimsaidii mtu kuchagua njia ya kufaili. Ukipitia *572#, iTax au saiba, KRA inapokea taarifa ile ile na inaiweka mahali pale pale. PAYE yako wanayo, kodi iliyokatwa kwenye malipo yako wanayo, ankara za eTIMS zenye PIN yako wanazo. Kinachobadilika ni kama kuna mtu wa tatu aliyeziona, na kama wewe mwenyewe ulisoma kilichopelekwa kwa jina lako. Kijana anayeikwepa iTax kwa sababu haiamini serikali, kisha akaandikisha neno lake la siri kwenye daftari la saiba, amejiongezea mtu wa kumwogopa.

Na kama ugomvi wako ni jinsi ushuru unavyotumika, nakuunga mkono kwa mengi. Ugomvi huo una uzito zaidi ukiwa na hesabu zako mkononi: mwaka jana nilikatwa PAYE kiasi hiki, ushuru wa nyumba kiasi hiki, SHIF kiasi hiki. Mbunge hana jibu jepesi kwa mtu wa namna hiyo.

Uliyesahau PIN tangu HELB

Kama ulichukua PIN ukiwa mwaka wa kwanza chuoni na hukufaili mpaka leo, usianze na ritani ya mwaka huu. Ingia iTax kwanza, kwa kompyuta, uangalie ni miaka ipi haina ritani. Kila mwaka ulioachwa unaweza kuwa na 2,000 zake. Minne ni 8,000, pesa ya kodi ya chumba kimoja mitaa mingi. Kulikuwa na msamaha wa faini na riba kwa madeni ya hadi mwisho wa 2023, nao ulifungwa tarehe 30 Juni 2025. Kama ulifaidika nao bila kujua, utaona. Kama haukukufikia, faini haifutiki kwa kunyamaziwa, lakini haizuii kufaili: peleka ritani zilizopungua kwanza, kisha ulizie faini Huduma Centre, uso kwa uso.

Haya mambo hukubana siku ya kazi ya serikali au ya AGPO, zabuni za serikali zilizotengewa vijana. Utaambiwa ulete cheti cha DCI (polisi wa upelelezi), EACC (tume ya kupambana na ufisadi), HELB, CRB (rekodi za mikopo) na kile cha KRA cha kutii sheria za ushuru, kwa siku chache. Vinne vinaweza kukimbizwa. Cha KRA hudumu miezi 12 na hakitoki ikiwa kuna mwaka wenye pengo, kwa hiyo kiombe Februari au Machi, mara tu baada ya kupata P9 na kufaili, wakati iTax bado inafunguka kwa haraka na jamaa wa saiba ana muda wa kukuuliza unafanya kazi gani.